Sanduku la Nyimbo za Tindiga

Mjukuu wangu anafundisha watu wazima kuvieleza vitabu. Siyo kuvitunga, vitabu vina wenyewe. Yeye anawafundisha wakutubi namna ya kuandika kwenye kompyuta ya maktaba kitu hiki ni nini, kimetoka kwa nani, kinahusiana na kipi, ili mtu akikitafuta akipate. Mimi niliishia darasa la nne, na kwa akili yangu kazi ya maktaba ilikuwa kufuta vumbi na kuwaambia watoto wanyamaze. Basi nilikuwa sijui kitu.

Nampenda kupita kiasi na wala sifichi. Nimemlea mimi, hapa hapa Kilosa, karibu na reli. Alipokuwa mdogo nilikwenda naye sokoni, akawa ananipangia nyanya mafungu mafungu kwa ukubwa, mteja akichanganya anamkaripia. Mteja mtu mzima! Nikamwambia, wewe utanifukuzia watu. Kumbe ndiyo kazi yake ilikuwa inaanza pale.

Mwaka aliopewa kundi la kwanza, wakubwa wake walimwambia waziwazi. Mwisho wa mafunzo, kundi zima lifanye kazi moja, ipelekwe kwa wakaguzi. Ikipita, mafunzo yanabaki Kilosa na mkufunzi ni yeye. Isipopita, yanahamia Morogoro mjini kwa mtu mwingine, na yeye anarudi mezani kugonga mihuri ya tarehe. Alinieleza huku anamenya vitunguu, machozi yanamtoka, nikashindwa kujua ni ya vitunguu au ya kazi.

Nikamwambia, "Hao watu wako watakula kwangu. Mtu mwenye njaa hafundishiki."

"Bibi, hakuna aliyekuomba."

"Ndiyo maana nimejiteua."

Hivyo ndivyo nilivyoingia maktaba, na sufuria kichwani.

Walikuja wakutubi kutoka Mikumi, Kidodi, na shule za karibu. Wengi vijana, ila mmoja alikuwa mzee wa Mikumi, anakaribia kustaafu, shati limepigwa pasi mpaka linakata, kalamu mbili mfukoni. Alifanya kazi ya kadi maisha yake yote. Hakuwa mtu mbaya. Tatizo lake mdomo. Kwa hilo tulifanana.

"Mwanangu," alimwambia mjukuu wangu siku ya kwanza, mbele ya wote, "mimi nimeanza kuandika kadi wewe hujaota meno."

"Najua, baba. Ndiyo maana nakutegemea."

"Kitu kiko mkononi. Nakipima, nahesabu kurasa, naandika, naweka. Kimekwisha. Sasa wewe unataka nikiulize kimezaliwa na nani?"

"Ndiyo, baba."

"Kitabu?"

"Kitabu."

"Na mahari yake walilipa?" akadakia kijana mmoja nyuma, darasa zima likaangua kicheko. Mjukuu wangu naye akacheka, kisha akageukia ubao.

Mimi nilikuwa nakaa mwisho kabisa nikisubiri vyombo vyangu. Nikasikia mengi. Mjukuu wangu alisema zamani waliandika kile kilichopo mkononi tu. Utaratibu mpya unataka zaidi. Kwanza, kazi yenyewe ni ipi, ile iliyotoka kichwani mwa mtu. Halafu imesemwa kwa lugha gani, imeimbwa au imeandikwa. Halafu imewekwa kwenye chombo gani. Na kila aliyeshiriki aandikwe na alichokifanya: huyu katunga, huyu kaimba, huyu karekodi, huyu katafsiri.

Kisha akaandika ubaoni maneno mawili: *na wenzake*.

"Haya tulizoea kuyaandika watu wakizidi watatu," akasema. "Tunamtaja wa kwanza, waliobaki tunawatupa humu. Sasa tunawataja. Wote tunaowajua."

Nikajisemea kimoyomoyo, ala! Yaani kuna watu waliokaa chini wakalifikiria hili? Maana mimi nimekuwa wenzake maisha yangu yote. Shambani kalima fulani na wenzake. Harusini kapika fulani na wenzake. Nikampenda mtu aliyetunga utaratibu ule, popote alipo.

Ilipofika kazi ya mwisho, wakatoa sanduku la mbao lililokuwa limelala stoo. Nyimbo za kupura mpunga za Tindiga. Ndani mna kaseti moja, kijitabu kimoja na flashi moja. Nilikuwa nagawa ubwabwa. Upawa ukanitoka mkononi.

Sanduku lile lilikuwa mimi.

Nilikuwa msichana, sijaolewa, nikiongoza nyimbo uwanja wa kupuria mpunga kwetu Tindiga. Mwalimu mmoja kijana alikuja na redio kaseti akatunasa sauti. Juu ya kaseti akaandika mwimbaji ni Binti wa fulani, jina la baba yangu. Baadaye, kwenye kisomo cha watu wazima, mwalimu yule yule akachapisha kijitabu. Gambani jina lake na wenzake. Ndani, ukurasa wa mwisho, akamshukuru Mama wa fulani, jina la mwanangu wa kwanza. Tena nikazeeka, nikaenda Mikumi kukaa kwa binti yangu wakati naumwa mguu, wanafunzi wa sekondari wakanirekodi kwa simu. Hao wakaandika Bibi wa fulani, kwa sababu mmoja wa wajukuu zangu walisoma naye.

Kwetu ndivyo tunavyoitwa. Mwanamke akizaa, jina lake linakaa pembeni anaitwa kwa mwanawe. Akizeeka anaitwa kwa mjukuu. Jina la kuzaliwa linabaki kwenye kadi ya kupigia kura.

Jioni ile mjukuu wangu alinisubiri mlangoni.

"Bibi, nakuomba. Usiwaambie."

"Nisiwaambie kwamba ni mimi?"

"Ukiwaambia, kazi inakuwa yako, siyo yao. Wakikuuliza, jibu. Wasipokuuliza, nyamaza."

"Mimi? Ninyamaze?"

"Bibi. Ni kazi yangu hiyo inayoondoka."

Nikanyamaza. Nimezaa bila nesi, nimehama na maji ya mafuriko yakiwa kiunoni, lakini kazi ngumu kuliko zote ilikuwa ile. Naweka sahani mbele ya watu wanaonijadili, nami nauma meno.

"Huyu wa kaseti ana sauti jamani," akasema yule mzee wa Mikumi huku anatafuna. "Sikia anavyoipandisha. Lakini huyu wa flashi anakwaruza kama bati."

Nikamwongezea pilipili bila kumuuliza.

"Wa kaseti atakuwa ameshakufa," akasema kijana mwingine, yule wa mahari.

Huyo nilimnyima nyama. Akatazama sahani yake, akanitazama, hakuelewa. Mjukuu wangu akaniona, akainamisha uso kwenye karatasi, mabega yanamcheza.

Wakamaliza, wakaleta kazi. Wanawake watatu, nyimbo za aina tatu, kila chombo na habari yake, hakuna kinachomjua mwenzake. Kaseti ilikuwa ya Kisagara, kijitabu cha Kiswahili, basi wakaona havina undugu. Mjukuu wangu akasoma yote polepole.

"Bado," akasema.

"Bado nini?" Mzee akasimama. "Tumepima, tumehesabu, tumeandika kila chombo. Bado nini, mwanangu?"

"Hamjamuuliza mtu."

"Tumuulize nani? Kaseti?"

"Hilo nalo ni swali, baba."

Mzee akachukua kofia yake akatoka. Nilidhani ndiyo basi, amekwenda kupanda gari la Mikumi, na wengine watamfuata. Usiku mjukuu wangu hakula. Nilikaa naye, nikiwa na jibu zima mdomoni, nalimeza na mate.

Kumbe mzee hakwenda Mikumi. Aliingia maktaba asubuhi, akamtuma mtu akalete redio ya kaseti, akakaa peke yake pembeni. Nilimwona nilipopeleka chai. Anasikiliza kaseti, anasimamisha, anachomeka flashi kwenye kompyuta, anasikiliza, anarudi kwenye kaseti. Kuna mahali, kabla wimbo haujaanza, mwimbaji kiongozi anawapigia wenzake kelele: wenye viuno vya wageni kando, uwanja huu wa chini ya mkuyu una wenyewe! Kwenye kaseti nilisema hivyo nikiwa msichana. Kwenye flashi nilisema hivyo hivyo nikiwa mzee. Ni mazoea tu, nisipowatukana kwanza wenye viuno vigumu, wimbo hautoki.

Mzee akavua miwani. Akaifuta. Akaita bodaboda.

Akaenda Tindiga kuutafuta uwanja wa chini ya mkuyu. Watu wakamwonyesha, wakamwambia yule mwanamke mwenye mdomo? Binti wa fulani? Huyo ndiye Mama wa fulani, na siku hizi ni Bibi wa fulani, yuko Kilosa mjini, ana mjukuu wake anafanya kazi maktaba.

Nilikuwa jikoni kwangu napepeta mchele alipoingia uani. Vumbi mpaka kwenye kope. Shati lile la pasi limekuwa tambara.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Umeanguka na pikipiki?"

"Sijaanguka. Mama, naomba nikuulize jambo, nakuuliza kikazi."

Nikaweka ungo chini. "Uliza."

"Binti wa fulani ni nani?"

"Mimi."

"Mama wa fulani?"

"Mimi."

"Na Bibi wa fulani, yule wa sauti ya..."

"Ya bati," nikamalizia. "Ni mimi."

Akakaa chini, kwenye mkeka wangu, na suruali yake ya ofisini. Akaanza kucheka, akacheka mpaka akajifuta macho. "Ndiyo maana ile pilipili!"

"Ile ilikuwa kidogo. Ningekuwa sijakatazwa kusema ungeniona."

Hakutaka kuambiwa zaidi mpaka afungue karatasi. Akauliza vizuri, kwa heshima, kitu kimoja kimoja. Nani alitunga? Wimbo wa kwanza bibi yangu, mbili zilizofuata mimi. Nani alizigeuza Kiswahili? Mimi na mwalimu, tukibishana. Na wanaoitikia ni akina nani?

Hakuna aliyewahi kuuliza wanaoitikia. Nikawataja. Yule wa sauti nene aliyekufa kwa uzazi. Yule aliyeolewa Ruhembe akazeekea kwenye miwa. Wale mapacha. Kila mmoja kwa jina lake la kuzaliwa, siyo la mtoto wala la mume. Mzee akaandika, na kila jina alinirudishia nisikie kama kalipata sawa.

Kesho yake aliingia darasani kabla ya wote. Nilimsikia nikiwa bado nje na sufuria. "Jamani, futeni. Wanawake watatu ni mmoja, na huyo mmoja ndiye anayetulisha." Yule kijana wa mahari akasema, "Mungu wangu. Mimi nilisema amekufa!"

"Nilisikia," nikajibu kutoka mlangoni.

Wakaifanya kazi upya, sasa kwa bidii ya ugomvi, hakuna anayetaka kukosea. Nyimbo ni zile zile tatu, zimesemwa kwa Kisagara na kwa Kiswahili, zimekaa kwenye kaseti, kwenye kijitabu, kwenye flashi. Mwimbaji mmoja, majina yake yote matatu yamefungwa pamoja na la kuzaliwa likiwa mbele. Mwalimu hakunyang'anywa kitu, yupo, mrekodi na mhariri. Wanafunzi wa Mikumi wapo. Walioitikia wapo wote. Gamba lilisema na wenzake, wakaliandika kama linavyosomeka, halafu chini yake wakawaweka wenzake wenyewe.

Majibu ya wakaguzi yalikuja nikiwa sokoni. Nilimwona mjukuu wangu anakuja mbio, viatu mkononi, nikajua. Sikungoja aseme. Nilipiga vigelegele mpaka wauza dagaa wakasimama. Imepita yote, mafunzo yanabaki Kilosa, mkufunzi ni yeye. "Ni wangu huyu!" niliwaambia watu. Walishajua, ila nilitaka wajue tena.

Juzi nilikwenda Mikumi kumwona binti yangu, nikapitia maktaba ya mzee. Palikuwa na wanafunzi wamejaa, na ukutani tangazo kubwa la kukataza kelele. Mzee akanikalisha mbele ya kompyuta.

"Mama, chagua jina lolote katika yale matatu."

Nikachagua la mwanangu. Akaandika, akabonyeza. Vikaja vyote, kaseti, kijitabu, flashi, na majina ya wanawake wa uwanja wa mkuyu yamepangana chini yangu. Nikawasoma kwa kidole, mmoja mmoja.

"Unaweza kuicheza hapo?" nikamuuliza.

Akatazama tangazo lake. Akaongeza sauti mpaka mwisho. Na mimi wa zamani, wa Tindiga, nikatoka humo ndani nikawaambia watoto wote wa Mikumi wenye viuno vya wageni wakae kando.