Turubai la Katwe

Kazi yangu ni kuonja kahawa, mjini Kasese. Watu wakisikia hucheka: "Kumbe unalipwa kunywa!" Sinywi, jamani. Nafyonza kijiko kwa kelele kama mtoto mwenye mafua, kisha natema kwenye ndoo. Siku za kuonja sili kitunguu wala sijipaki mafuta ya kunukia.

Msimu huu mnunuzi alitaka mchanganyiko wa kahawa tatu: ile ya bondeni Karusandara iupe uzito, ya Bwera iliyoanikwa na ganda lake iutie utamu, na ya Kyondo, ya mlimani, iuchangamshe kwa uchachu wake. Bila Kyondo kikombe kinalala tu. Nilifurahi, nisiseme uongo. Kyondo ndiko kwa mama, na mavuno yake yote yalikuwa ghalani kwetu yakingoja neno langu.

Nikakaanga, nikasaga, nikamwaga maji ya moto. Nilipovunja utando wa juu kwa kijiko, pua ikashtuka. Nikafyonza. Chumvi! Tena ile ya ziwa la Katwe, yenye uchungu na harufu ya tope. Nikaangalia alama ya gunia. Ya mama.

Nikampigia simu. "Mama, ulianika wapi?"

"Kwa turubai. Yetu ilipasuka, jirani akanipatia yake, ile anabebea chumvi ya Katwe. Lakini niliifua na sabuni, mutoto yangu. Ikatakata kabisa."

Aliifua, masikini. Lakini chumvi ile ikishaingia kwenye nyuzi haitoki, na kahawa mbichi ikiwa na maji hufyonza chochote kilicho chini yake.

Nilihangaika kutwa. Nikapunguza Kyondo, nikaongeza Bwera, chumvi ipo. Nikazidisha Karusandara, nikakaanga hadi karibu na kuungua. Chumvi ipo, na moshi juu yake. Samaki mmoja akioza, wote wameoza. Nilijua hivyo tangu kijiko cha kwanza, ila moyo ulikataa. Jioni nikaandika: haifai. Magunia yakapakiwa kurudi mlimani, nami nikapanda nayo.

Mama hakuwahi kunywa kahawa yake. Kwetu tunakunywa chai, kahawa ni ya kuuza. Siku hiyo akaniomba nimpikie, akamaliza kikombe kizima.

"Mbona iko muzuri? Nani alisema iko na chumvi?"

"Ni mimi, mama."

Nilitamani anitukane. Hakunitukana. Jasho lake la mwaka mzima lilikuwa limerundikwa nyuma ya mlango, na hata mchuuzi wa Bwera, yule anayenunua chochote, alikuwa amenusa gunia akawasha pikipiki yake. Hapakuwa na mwingine wa kumwendea. Sijawahi kuuchukia ulimi wangu kama siku ile. Ungekuwa mkono, ningeuficha mfukoni.

Akajaza kikombe tena, akanisogezea kwa mikono miwili, kama mtu anayempa mgeni.

"Onja tena, mutoto yangu. Labda ulikosea."

Nikaonja. Safari hii sikutema. Nilimeza, naye akiutazama mdomo wangu. Chumvi ilikuwa pale pale.