Sindano Ndani ya Chupa ya Maji

Siku yangu ya kwanza kazini, katika zahanati ya kambi ya jeshi pale Mbuya, Kampala, nilifokewa kabla sijajua hata choo kiko wapi. Nilikuwa nimemdunga askari mmoja sindano ya malaria, na sasa nilikuwa narudishia kifuniko kwa mikono miwili, mmoja umeshika sindano na mwingine kifuniko. Matroni, yaani mkuu wa wauguzi, alikuwa mama mwenye cheo cha kapteni, na hata wanaume warefu walimpigia saluti haraka. Alisimama mlangoni akaniamuru nisitikisike.

"Wewe mtoto! Hiyo mkono ya kushoto imekukosea nini?"

"Hakuna, Afande."

"Basi mbona unataka kuidunga? Sindano ikimaliza kazi haivai kofia tena. Inaenda straiti kwa boksi!"

Boksi lenyewe ni sanduku la usalama, kasha gumu la kadibodi lenye tundu dogo juu ambalo sindano huingia lakini mkono hauwezi kuifuata. Likijaa robo tatu hufungwa na kupelekwa kwenye tanuri la kuchomea taka za hospitali. Mimi ni mtoto wa sajenti kutoka kaskazini, nimezaliwa kambini na Kiswahili ndicho nilichochezea uani, kwa hiyo kufokewa kwa Kiswahili, lugha ya jeshi, hakukunitisha. Tangu siku hiyo sikurudishia kifuniko tena, na nimestaafu bila kujichoma hata mara moja. Kujivuna kidogo ni haki yangu.

Kutoka Mbuya nilihamishiwa zahanati moja ya Kabalagala, ambako kila Jumapili asubuhi tulishona vichwa vya walevi waliopigana. Kisha nikapelekwa Kisenyi, karibu na paki za teksi, na huko nilikaa hadi mwisho. Msimamizi wetu, tuliyemwita Inchaji kama wanavyoitwa wote mjini hapa, alikuwa tabibu mpole anayezungumza kama anayeogopa kuamsha mtoto. Alinikabidhi wagonjwa wa sukari.

Hapo ndipo kazi ilipobadilika. Mgonjwa wa sukari anajidunga mwenyewe insulini nyumbani, kila siku, na anajitoboa kidole kwa kijembe kidogo ili kupima damu. Zahanati ina sanduku na tanuri. Nyumbani kuna nini? Nilianza kuwatembelea, nikakuta vituko. Mmoja alitupa sindano zake kwenye choo cha shimo akidhani zimezikwa, wakati shimo hilo likijaa wanakuja vijana kulinyonya kwa pampu ya mkono. Mwingine alizichoma pamoja na kasasiro, yaani takataka za uani. Plastiki iliyeyuka na chuma kikabaki kwenye majivu, ambamo kuku na watoto wanachakura. Lakini wengi walipenda chupa ya maji ya kunywa. Waliijaza sindano, wakakaza kizibo, wakaitupa, roho zikatulia.

Katika mji mwingine labda ingefaa. Kampala chupa tupu ni mali. Kuna wanawake wanaoziokota tangu alfajiri, na kabla ya kuzitia guniani wanazikanyaga zilale bapa ili gunia liingize nyingi. Nalongo, mama wa mapacha aliyeokotea mitaa yetu, alikanyaga chupa ya aina hiyo. Sindano ilitoboa plastiki, ikatoboa kandambili, ikaingia unyayoni.

Alifika akichechemea, chupa mkononi. "Sista, banange, jamani, hii kitu imenichoma!"

Nilimwosha kwa sabuni na maji yanayotiririka. Nilimkataza kuukamua unyayo, na jiki, dawa ya kung'arishia nguo ambayo jirani aliyemsindikiza alitaka kummwagia, nikaiweka mbali. Tukampima damu, kisha Inchaji akamwanzishia dawa za kuzuia virusi vya ukimwi visishike mwilini. Hizo huanzwa siku hiyohiyo ikiwezekana, kwani zikipita siku tatu hazifai tena, na humezwa mwezi mzima. Nalongo alizimeza akatapika, akazimeza tena. Nyumbani alitenga sahani yake asile na wanawe. Nilimweleza kwamba virusi haviambukizwi kwa sahani, akaitikia kwa kichwa, na bado akaitenga. Iliniuma sana.

Kama tungempima mwenye sindano na kumkuta mzima, Nalongo angeacha vile vidonge siku hiyohiyo. Naye alilijua hilo.

"Sista, wewe unamjua huyo mtu."

"Namjua."

"Nitajie jina yake tu. Sitapigana naye."

"Siwezi, Nalongo. Mambo ya mgonjwa hayatoki mdomoni mwangu."

"Hata mimi nikikufa?"

Jioni hiyo nilikwenda kwa Mzee Okot, mwanajeshi mstaafu aliyelinda lango la duka la jumla, bunduki begani. Mabomba yale madogo ya sindano za insulini yaliyokuwa chupani niliyatambua mara moja, maana mtaani mwetu ni yeye peke yake niliyempa ya aina hiyo. Jina lake nalitaja kwa sababu baadaye alijitaja mwenyewe.

"Afande, chupa yako imemchoma Nalongo."

Alitazama kulia na kushoto. "Nilifunga kifuniko sana, Sista."

"Ulifunga. Sasa anakunywa vidonge kwa ajili yako, anatapika. Njoo tukupime."

"Tajiri mwenye duka akisikia najidunga kila siku atasema nitaanguka na bunduki. Atainyang'anya. Bila bunduki mimi ni nani hapa?"

"Sijui. Ila Nalongo anakusalimia kila asubuhi, na hajui anamsalimia nani."

Niliondoka nimekasirika, naye amekasirika zaidi.

Asubuhi iliyofuata Nalongo alikuwa kwenye foleni akingoja kuongezewa dawa ya kuzuia kutapika. Okot akaingia amevaa sare, viatu vimepigwa rangi, akasimama mbele ya watu wote.

"Nalongo, ile sindano ni yangu. Nina sukari. Nipimeni sasa, huyu mama akiona."

Nalongo alimtukana kwa Kiganda mpaka Inchaji wetu mpole akaziba masikio. Okot alisimama wima akapokea yote. Majibu yalipotoka, hakuwa na virusi vya ukimwi wala vya homa ya ini. Nalongo alikaa chini sakafuni akalia kwa sauti, nami nililia pamoja naye. Yule matroni wa Mbuya angeniona angenifokea. Bunduki, kweli, tajiri aliinyang'anya. Okot akapewa rungu na lango la nyuma.

Toka hapo niliwafundisha wagonjwa hivi, nanyi wauguzi vijana shikeni. Tafuteni chupa nene ya sabuni ya maji au ya jiki, yenye kizibo cha kuzungusha, ambayo sindano haiwezi kuitoboa. Ipakeni rangi nyekundu pande zote hadi mwokotaji asiitamani. Andikeni SINDANO. Iwe juu, mbali na watoto, na kila sindano iingie mara tu inapotoka mwilini, bila kofia. Ikijaa robo tatu, kazeni kizibo muirudishe zahanati kwa mikono yenu. Msione haya kuibeba njiani.

Nimestaafu sasa, na kazi hii siijutii. Juzi Nalongo alikuja kunisalimu, tukakaa barazani tukimenya karanga. Akauliza kitu ambacho nadhani alikibeba miaka yote.

"Sista, kama Okot angenyamaza, ungenitajia jina yake?"

"Hapana."

"Hata nikitapika mwezi mzima?"

"Ningekushika kichwa ukitapika. Kukutajia, hapana."

Nalongo alimenya karanga kadhaa. Kisha akasogeza kiti karibu, akashusha sauti. "Basi nina kitu mimi sijawahi kuambia mtu."

Nikaweka karanga chini, nikamsikiliza.