Pipa la Maparachichi la Mama

Wifi yangu aliolewa kwetu mwaka ule ule baba alipopunguzwa kazi kwenye kinu cha pamba, na kabla hata hajazoea njia ya kwenda bombani mama alikuwa ameshamkabidhi pipa. Mimi ndiye binti pekee wa nyumba ile. Mimi ndiye niliyeamka na mama alfajiri kwenda bandarini kupokea matenga yaliyoshuka na meli kutoka Bukoba, na ndiye niliyerudi nayo kichwani shingo ikiuma. Halafu mtu anakuja na sanduku lake na khanga zake mpya, anapewa pipa.

Lilikuwa pipa la mafuta lililokatwa juu, na lilikaa kwenye kona ya stoo, nyumbani kwetu Mkolani. Mama alitandika pumba za mpunga chini, akapanga maparachichi mabichi, akaweka ndizi mbivu katikati, akafukia tena kwa pumba, kisha akafunika kwa gunia. Siku zile kila kitu kilikuwa ruksa, na kila mwanamke mtaani kwetu alikuwa na kabiashara kake: huyu mitumba, yule maandazi, mwingine dagaa. Mama aliuza maparachichi kule stendi ya Buzuruga, na wateja walimsifu kwamba yake yanaiva kote kote. Hukuti upande mmoja laini na upande wa pili mgumu kama kiazi.

Kuchagua tulichagua wote wawili. Mama alinifundisha nisihadaike na tunda linalong'aa, kwa sababu lililokomaa ngozi yake hufifia. Alinifundisha kulitikisa karibu na sikio nisikie kokwa inacheza, na kuangalia kama kikonyo chake kipo, maana lililong'olewa kikonyo huanza kuoza pale pale. Ukitaka kujua kama limeiva unagusa shingoni, taratibu. Aliyelibonyeza tumboni mama alimchapa vidole, hata awe mteja. Na changa hukuliokoa kwa namna yoyote. Lilisinyaa tu likawa kama mpira. Hayo yote niliyajua kabla wifi hajajua kwetu kunaitwaje.

Lakini pipa lilikuwa jambo jingine. Kwetu iliaminika kwamba pipa hufunguliwa na mtu mmoja tu, tena mwenye mkono baridi. Mwenye mkono wa moto akifukua, matunda yanaoza au yanagoma kuiva, kama vile wapo watu ambao wakipanda mbegu haioti. Kila nilipolisogelea mama alinifukuza, akisema mkono wangu una moto. Nilikubali. Nilidhani katika nyumba nzima mkono baridi ni wa kwake peke yake, na sikuona ubaya, kwa kuwa yeye ni mama. Wiki chache baada ya harusi ya kaka, akamshika wifi kiganja, akakigeuza huku na huku kama anayechagua shati kwenye rundo la mitumba, akasema huyu ndiye.

Ningepata nafuu kama wifi angekuwa mtu mbaya. Hakuwa. Aliamka mapema, alisalimia wakubwa kwa kupiga magoti kama alivyolelewa kwao Bukoba, alifua hadi nguo zangu bila kuambiwa. Nilikuwa nazirudia kuzifua kwa siri. Kwao parachichi liliota nyuma ya nyumba katikati ya migomba, na alikuja na ujuzi wake: yaliyokwisha kuiva aliyalaza kwenye mchanga wenye unyevu chini ya kitanda, yakakaa bila kulegea. Mama alimsimulia kila aliyepita. Kulikuwa na mama mmoja wa Kihindi, mwenye duka la vifaa vya ujenzi kule mjini, aliyezoea kununua kwangu. Alianza kumtaka wifi. Alimtajia siku atakayokula, na wifi alimchagulia tunda litakaloiva siku hiyo hiyo. Kazi hiyo hata mimi niliiweza. Tatizo hakuna aliyeniomba.

Basi kaka akapata kazi kwenye kiwanda cha minofu ya sangara, akatuletea friji iliyotumika, ya kutoka Dubai. Majirani walikuja kuitazama. Wifi wakati huo alikuwa amekwenda kwao kwenye msiba, na matenga yalikuwa yamefika. Mama alikaa mbele ya ile friji akafikiri kwa muda mrefu. Kisha akasema, kama mkono baridi unaivisha, kabati zima la baridi je? Nami naapa niliona ana akili sana. Mama alifukua pumba, tukayajaza mabichi yote ndani ya friji, na kwa kuwa mikono yake ilikuwa imejaa matunda yaliyokosa nafasi, mimi ndiye niliyefunga mlango.

Yalitoka magumu vile vile. Tukayaanika juani, tukayarudisha kwenye pipa, wapi. Ulipoyapasua ulikuta ndani yamepiga weusi na nyuzi, na kuyatafuna ilikuwa kama kutafuna sabuni. Mama alizunguka chumbani mikono kiunoni, akasimama, akaniuliza ni nani aliyefunga mlango wa friji. Alikuwa anajua. Kuanzia siku hiyo kisa kikawa ni mkono wangu, na friji ikaonekana haina kosa hata kidogo.

Wifi aliporudi, mama alimpa habari yote mbele yangu, nami nimekaa pale pale nachambua mchele. Wifi akasikiliza mpaka mwisho, halafu akamwambia mama kwa upole kwamba kwao wanajua parachichi bichi halipendi baridi, kwamba hata yeye mwenyewe angefunga mlango lingegoma tu. Mama akaitikia kwa kichwa. Kumbe neno likitoka kinywani kwa wifi linasikika. Lawama nilikuwa nimeshaizoea, lakini kutetewa na yeye kulinichoma, na mchele ule sikuumaliza.

Baadaye nikapata mchumba, mwalimu wa kutoka Magu. Washenga walipokwisha kuondoka mama alikuwa na furaha, nami nikaona ndio wakati wa kuuliza. Nilimwambia huko niendako nitataka kuuza maparachichi kama yeye, sasa na huu mkono wangu nitafanyaje? Akacheka mpaka akajishika ubavu.

"Mkono wako hauna moto wowote, mwanangu," akasema. "Nilisema tu. Wewe ni wa kuondoka. Pipa nampa atakayebaki na mimi."

Alilisema kwa wema, kama mtu anayekufungulia zawadi. Mimi nilitamani angeniacha na mkono wangu wa moto. Moto ni bahati mbaya, huzaliwi umeuchagua. Lakini kumbe miaka yote mama alinitazama nikibeba matenga yake na kuona mgeni aliyechelewa kuondoka.

Posa yenyewe ilivunjika. Pande mbili zilishindwana ng'ombe wa mahari, mwalimu akaoa kwingine, nami nikabaki Mkolani. Nilingoja. Nilijiambia sasa mama ataona ni nani aliyebaki. Nilikuwa nafagia stoo hata siku ambayo haina uchafu, nikizunguka lile pipa na ufagio, ili aseme neno. Wifi ndiye aliyeendelea kufukua na kufukia, na mama akakaa kwenye kigoda mlangoni akimtazama, wakipiga soga.

Kisha kaka alihamia Dar es Salaam na mkewe. Siku ya kuondoka mama alilia stendi mpaka wapita njia wakadhani tumefiwa. Mimi nilikuwa nimeshika ndoo ya dagaa wa safari, na nilifurahi. Sijutii. Basi lilipotoka nilirudi nyumbani moja kwa moja, nikaingia stoo, nikaondoa gunia. Hakuna aliyenipa lile pipa. Nililichukua.

Macho ya mama yalianza kuingia ukungu, akaacha kwenda Buzuruga, na biashara yote ikawa yangu: bandarini mimi, pumba mimi, stendi mimi. Niliivisha vizuri. Wateja walirudi, hata yule mama wa duka. Mama ndiye aliyesumbua. Nikimpa tunda aliligusa akasema bado, au akasema limepitiliza, akaliweka kando. Baba alilila hilo hilo na ugali, akasifia, naye hakusikia.

Alasiri moja nilimpelekea moja barazani. Nilikuwa nimelichagua kwa ajili yake tangu bandarini, nikalilaza peke yake kwenye pumba, nikalihamishia mchangani lilipoanza kuitikia kidole. Nilimpa zima, kwa sababu alipenda kulikagua mwenyewe hata kama haoni. Akaligusa shingoni. Akalinusa. Uso wake ukafunguka, na tangu macho yamharibikie sikuwa nimeuona hivyo.

"Kumbe amerudi," akasema. "Mbona hamkuniambia? Mwite aje nimsalimie."

Sikuwa na haja ya kuuliza ni nani. Habari ya mkono wangu wa moto alikuwa ameitunga yeye, akanicheka nayo, na sasa uzeeni ameisadiki. Labda binti mwingine angemwachia furaha yake. Mimi nilikuwa nimengoja mno.

"Hajarudi, mama. Hilo nimeliivisha mimi."

Akageuza uso kuelekea mlangoni, akatega sikio, kama vile anayekuja bado anavua viatu huko nje. Hakuna aliyeingia. Akanirudishia tunda, nikalipasua, nikatoa kokwa, nikanyunyiza chumvi. Lilikuwa la njano kote, halina hata doa. Alilila lote, polepole, kwa kijiko. Alipomaliza alipangusa midomo kwa pindo la khanga, akaniuliza kama Krismasi kaka na mkewe watakuja.