Jezi ya Mrushaji Tuliyemwita Msaliti

Wapo watu Toongabbie ambao mpaka leo wakiniona stesheni wanageuza shingo, na sababu ni mrushaji mmoja wa besiboli ambaye hajawahi kukanyaga Australia na hajui kama nimezaliwa. Nasema mapema: sijutii. Ningeambiwa nirudie nilichofanya ningerudia, na safari hii ningepaza sauti zaidi.

Besiboli niliikuta kazini. Nafanya kazi ghalani Wetherill Park, upande wa kufungasha mizigo, na kwenye chumba chetu cha mapumziko kuna televisheni iliyotundikwa juu sana ambayo rimoti yake ilipotea kabla sijaajiriwa. Chaneli ni ileile siku zote, ya michezo ya Marekani. Wao wakicheza jioni yao, kwetu ni saa nne asubuhi na tunakunywa chai. Mwanzoni niliuona upuuzi mtupu: wanaume wazima wamesimama uwanjani, wanatema mate, wanajikuna, halafu baada ya robo saa mmoja anakimbia. Aliyenifundisha kuuona mchezo ni mzee mmoja wa Bukavu, dereva wa foklifti, ambaye sote tunamwita Papa.

Papa hakuipenda besiboli kwa bahati tu. Mdogo wake, waliyeishi naye kambini kule Uganda, alipelekwa Marekani mwaka uleule ambao Papa aliletwa huku. Wanapigiana simu kila wiki. Watu waliopitia waliyoyapitia hawa wawili hawawezi kuanza na hayo kwenye simu, kwa hiyo huanza na mechi: nani kashinda, nani kavurunda. Timu ya mji wa mdogo wake ndiyo ikawa timu ya Papa, na kwa Papa ikawa timu yangu, na kwangu ikawa timu ya kikundi chetu kizima cha Jumapili. Siku moja mdogo mtu akatuma kifurushi. Ndani mlikuwa na jezi nyeupe ya vifungo, na mgongoni jina la mrushaji ambaye Papa alimpenda kuliko wote.

Nieleze kidogo. Mrushaji anayeanzisha mechi huchoka, na akichoka huitwa wa akiba. Mmoja wa hao wa akiba huachwa mpaka mwisho kabisa, awamu ya tisa, timu ikiongoza kwa pointi moja tu, aje kuulinda ushindi ambao wengine wameutafuta. Akifaulu watu huona kafanya wajibu wake. Akikosea hutukanwa yeye na ukoo wake. Papa ni mtu wa wakala wa ajira, yaani kila alfajiri husubiri ujumbe wa simu kumwambia kama leo ana kazi au hana. Alimwelewa yule mrushaji siku ya kwanza.

“Eko anangoja tu,” aliniambia kwa Kiswahili chake cha Bukavu, ambamo eko ni yuko na mais ni lakini, kidole kikielekea kwenye televisheni. “Saa mbili, saa tatu, anangoja. Mais wakimwita, eko tayari.”

Kikundi chetu kilikuwa na watu wanane. Jumapili, waliokwenda kanisani wakishatoka na sisi wengine tukishamaliza usafi wa nyumba, tulikutana kwenye bustani ya Toongabbie yenye majiko ya umeme ya bure. Mwenyekiti alikuwa Mkenya wa Nakuru, dereva wa basi, mdomo kama redio. Hakuwa mtu mbaya. Nilipohama alinibebea friji ghorofa mbili bila kulalamika. Mimi nilikuwa katibu, na mpishi, na mwenye mikasi.

Hiyo mikasi lazima niiseme ukweli wake, maana aibu ni yangu. Kwetu Tanga mchezaji wa mpira wa miguu akihamia kwa mahasimu alikuwa amekufa. Jina lake halitajwi. Mjomba wangu alikuwa na fulana ya mshambuliaji mmoja, na siku aliposikia kijana kasaini upande wa pili, aliikata vipande na kufutia baiskeli mpaka ikaisha. Mwaka wa kwanza wa kikundi niliwasimulia hadithi hiyo, wakacheka mpaka machozi, na Mwenyekiti akapitisha palepale iwe sheria yetu. Kila Desemba, timu za Marekani zinapobadilishana wachezaji, mwenye jezi ya aliyekwenda kwa mahasimu anaileta, katibu anaikata, vipande vinafutia jiko. Anayekataa anatoka kikundini. Tulishakata mbili, na nilizikata kwa raha zote.

Basi Desemba iliyopita, siku ya joto la kuyeyusha lami, habari zikaja kwenye simu: mrushaji wa Papa kapelekwa kwa mahasimu, na sisi tumepewa warushaji wawili wa akiba, vijana. Jumapili hiyo hatukungoja hata nyama iive.

“Wasee, hii deal ni poa sana,” Mwenyekiti alianza, koleo mkononi. “Two for one! Jamaa ana miaka thirty-four, mkono umeisha. Last season ametuchoma mara ngapi? Na huyu kijana mpya anarusha moto, bana.”

“Anarusha moto lakini hajui moto unakwenda wapi,” nikasema. “Mimi nimemtazama. Wapigaji wanasimama tu na gongo begani, mipira inapita nje, anawapa njia ya bure mmoja mmoja.”

“Atafunzwa.”

“Na nani? Wewe?”

Mwanafunzi mmoja wa Dodoma, kijana mpole anayesomea uhasibu, akainua macho kwenye simu yake. “Lakini dada, yule wa pili, wa mkono wa kushoto, ni mzuri. Wapigaji wa kushoto hawamwezi kabisa. Nimeangalia stats zake.”

Hapo nilikubali, kwa sababu ilikuwa kweli. Nikasema wa kushoto namchukua, wa moto wamrudishe alikotoka. Wakacheka. Nikaongeza kwamba mkono wa mzee wetu haukuisha wenyewe, waliumaliza makocha waliomwita siku tatu mfululizo wakati wa ushindani mkali, na ya nne wakashangaa mpira unapigwa na kuvuka uzio. Mwenyekiti akasema mrushaji wa akiba ni kama betri, ikiisha unatoa unaweka nyingine. Mabishano yalikuwa matamu, kila mtu kocha, kila mtu mwenye timu. Papa alikaa mwisho wa benchi, amevaa jezi yake.

Mwenyekiti akaweka koleo chini. “Haya, Papa. Sheria ni sheria. Leta jezi.”

Nakiri kwamba mkono wangu ulishaingia kapuni. Mikasi nilishaishika. Ndivyo mazoea yalivyo, yanatangulia na akili inafuata nyuma. Papa naye hakubisha. Alianza kufungua vifungo kutoka juu, kimoja, cha pili, singlendi yake ikaonekana. Kwenye kifungo cha tatu vidole vikasimama na akaniangalia mimi, si Mwenyekiti.

“Mama, ile mutu alifanya nini?”

“Si amekwenda kwa mahasimu, Papa.”

“Alikwenda, ao walimupeleka?”

Miaka sita nilikuwa natazama mchezo ule kila siku ya kazi. Nilijua kabisa kwamba mchezaji wa besiboli hasaini kwenda kwa mahasimu kama yule kijana wa Tanga. Anapigiwa simu nyumbani, anaambiwa afungashe. Mke anaambiwa, watoto wanatolewa shule. Nilijua, na bado nilichukua hasira ya mjomba wangu nikawavisha watu wasiohusika, nikazikata jezi mbili za watu ambao hawakumkosea mtu. Nilijisikia mjinga mbele ya watu saba, na mimi nikijisikia mjinga hukasirika.

“Hatukati,” nikasema.

“Katibu!” Mwenyekiti akacheka kwanza, akidhani ni utani. “Kuna wachezaji wako na haki ya kukataa trade. Angekuwa loyal, angekataa.”

“Haki hiyo ni ya aliyecheza miaka kumi, na mitano ya mwisho awe na timu moja. Huyu ana saba. Usinifundishe kitu nilichosoma.”

“Manze, ni game tu.”

“Kama ni game tu, kwa nini unamvua mzee nguo?”

Papa bado alikuwa ameshika kifungo cha tatu. Alipoanza kuongea aliongea taratibu, kama mtu anayesoma fomu.

“Mi nilikaa camp miaka kumi na moja, na petit frère, mudogo yangu. Siku moja wakatuita ku bureau, ofisi yao. Wakauliza kama tunataka kutoka. Tukasema ndiyo. Wapi, hawakuuliza. Yeye wakamupa Amerika, mi wakanipa huku. Foleni ilikuwa moja, mais makaratasi mbili.” Akatazama duara lote. “Sasa mi ni traître ya ndugu yangu?”

Mwanafunzi wa Dodoma alikuwa anatazama viatu vyake. Mimi nilikuwa nalia na sikujificha.

Mwenyekiti, na hili namsifu, sauti yake ilishuka. Alisema hakuna anayemwita Papa msaliti, jamani, tusifike huko. Alisema jezi isikatwe, kwa kuwa ni zawadi ya ndugu. Papa aiweke nyumbani, kabatini, huko hakuna atakayemuuliza. Ila Jumapili hapa bustanini asiivae, kwa sababu jina la mgongoni sasa ni la mahasimu, na kikundi lazima kiwe na msimamo. Wengine wakashusha pumzi, wakasema hiyo ni fair. Mmoja akaanza kupanga sahani.

Hapo ndipo wanaponilaumu. Wanasema mambo yalikuwa yameisha, Mwenyekiti kashalegeza kamba, mimi nikaikaza. Ni kweli niliikaza. Niliona Papa anaanza kutikisa kichwa kukubali, kwa ule upole wake wa kukubali kila kitu anachopewa na mtu mwenye karatasi. Anakubali zamu ikifutwa. Anakubali watoto wake wakimjibu Kiingereza. Jumapili ile ndiyo saa pekee ya wiki ambayo watu wanacheka kwa lugha anayoielewa, na alikuwa tayari kuinunua kwa kumfungia ndugu yake kabatini. Mimi sikuwa tayari.

“Ataivaa,” nikasema. “Ataivaa hapa, Jumapili ijayo na inayofuata. Sheria niliileta mimi, na mimi naifuta.”

“Huwezi kufuta sheria peke yako,” Mwenyekiti akasema. “Hii si jikoni kwako.”

“Basi piga kura.”

Akapiga kura. Mikono mitano ilipanda kwamba jezi isivaliwe, na asiyekubali atoke. Upande wetu tulikuwa wawili na nusu, maana mwanafunzi wa Dodoma aliinua mkono mpaka begani akauacha hapohapo.

Kwa hiyo tulishindwa, na tulishindwa kwa haki. Papa alirudisha vifungo vyake, cha pili, cha kwanza, akasimama. Nilimwona anatafuta kofia yake ili aende stesheni, na nikajua akipanda treni ile hatamrudia mtu yeyote, atakaa Jumapili zake chumbani na simu. Nikabeba sufuria ya pilau. Ilikuwa yangu, mchele wangu, nyama yangu, na viungo niliviagiza mwenyewe kwenye duka la Liverpool, ya hukuhuku Australia. Mtu akasema, “Sasa dada, hata chakula?” Nikamwambia hata chakula.

“Papa, shika upande huu, ni nzito,” nikasema, ingawa haikuwa nzito kiasi hicho.

Tulitembea na ile sufuria kati yetu hatua kama ishirini, mpaka meza iliyokuwa tupu upande wa pili wa bustani, isiyo na kivuli, benchi lake likiunguza mapaja. Tukakaa. Jua lilikuwa usoni kwetu moja kwa moja, na kutoka pale waliweza kulisoma lile jina mgongoni mwake herufi kwa herufi. Nikapakua sahani mbili. Baada ya muda mwanafunzi wa Dodoma akaja na sahani yake tupu, akakaa, nami nikampakulia bila kumuuliza alipiga kura gani.

Kule kwao nyama ilikuwa imeungua. Mwenyekiti alisimama, mikono kiunoni, akatuita kwa ile sauti yake ya kuwapigia kelele abiria wanaozuia mlango.

“Nyinyi! Nani amewaambia mkae hapo?”

Nilikuwa na jibu, tena la kumuuma. Papa alinigusa mkono ninyamaze. Alimeza kwanza, akafuta mdomo, akageuka mwili mzima.

“Hakuna mutu,” akamjibu. “Hapa, ni mi mwenyewe nilichagula.”