Leseni ya Mizani za Malaba na Busia

Tuliondoka Nairobi kwa sababu Tomas hakuniamini. Alikuwa mwakilishi wa kampuni ya ng'ambo iliyotengeneza mashine pepe, yaani programu inayojifanya kompyuta, ili kazi uliyoiandika mara moja iweze kuendeshwa kwenye vifaa visivyofanana. Mimi nilitaka leseni ya kuiweka ndani ya mizani zinazopima malori yakiwa yanatembea. Kampuni yake ilihofia kwamba vipimo vingechelewa na jina lao liharibike.

"Nionyeshe kwenye mizani mbili tofauti," aliniambia. "Moja ikishindwa, hakuna leseni."

Bila leseni ningelazimika kuandika programu upya kwa kila mizani, na mteja wetu, mwenye maghala ya mahindi mpakani mwa Kenya na Uganda, alikuwa amekwisha kuchoka kunisubiri.

Malaba tulikuta foleni ya malori na jua kali. Mzee Omuse, msimamizi wa ghala, alitupeleka kwenye mizani yake mpya. Lori lilipita polepole, na uzito ukatokea kabla magurudumu ya nyuma hayajashuka. Tomas akatabasamu.

"Hii iko sawa," Mzee Omuse akasema. "Lakini ile ya Busia imezeeka kama mimi. Mtajionea."

Tulipita Amukura, Tomas akinunua ndizi na kusalimia kila mtu. Mimi nilipitia tena maelezo ya mizani iliyofuata. Kompyuta ya mizani ya Busia ilikuwa na kumbukumbu ndogo mno.

Busia tulipokewa na Mama Nekesa, msimamizi wa ghala la pili. Lori la kwanza likapita. Kioo cha kuonyesha uzito kikabaki kitupu.

"Dada, lori imeshaenda kunywa chai, mashine yako bado inafikiria!" alisema, na dereva akacheka hadi akashika usukani kwa mikono miwili.

Tomas akafunga mkoba wake. Nilimwomba anipe muda hadi tumalize chakula cha mchana.

Nikakaa juu ya gunia na kompyuta yangu mapajani. Mashine pepe husimama kidogo mara kwa mara kufagia kumbukumbu yake, na hapa ilikuwa ikifagia wakati gurudumu liko kwenye bamba la mizani. Nikaiagiza mashine pepe: gurudumu likikanyaga bamba, ufagio usubiri.

Nyuma yangu, Mama Nekesa alikuwa akimwandalia Tomas ugali na omena, dagaa wa ziwani kutoka Sio Port.

"Na vichwa pia?" Tomas aliuliza.

"Kichwa ndio tamu, boss."

Akala vyote, akaongezewa.

Lori liliporudi, uzito ulitokea papo hapo. Mama Nekesa hakuridhika. Akamwamuru dereva azunguke tena, na tena.

"Mama, hii ni mizani ama ni msafara wa harusi?" dereva alilalamika. Kila mara tarakimu zilitoka kwa wakati.

Tukiwa njiani kurudi Nairobi, Tomas alisema leseni nitapata, ila mafundi wake wangependa kujua ule ufagio nimeusubirisha vipi.

Nilikuwa nimekuja kama mwombaji. Sikuwa nimefikiria kwamba na mimi nina kitu wanachokitaka.

"Nitawafundisha," nikamwambia, "leseni ikivuka mpaka hadi mizani za upande wa Uganda."

Akacheka, akanipa mkono. Tangu hapo, nikienda kuomba leseni kwa mtu yeyote, kwanza hujiuliza yeye atataka nini kutoka kwangu.