Mizizi ya Mpapai Dume Niliyoifuata Matemwe

Niliondoka Mlandege kwa sababu ya woga. Nauza mapazia, na dukani sauti yangu inasikika kuliko ya mtu yeyote, lakini nikiona sindano huzimia. Wiki tatu kabla ya safari, daktari aliniambia nina jiwe kwenye figo la kushoto. "Kunywa maji kwa wingi, urudi tulitazame tena. Ukipata homa usingoje, njoo siku hiyo hiyo. Huenda tukalitoa." Katika yote hayo nilisikia "tukalitoa" tu. Karatasi yake nikaificha chini ya majora ya vitambaa, na mke wangu Zuhura nikamwambia mgongo umeingia upepo.

Jumatano, saa moja asubuhi, nilipanda kigari cha Makame, jirani yangu anayepeleka mboga mahotelini Matemwe. Yeye ndiye aliyenisifia shangazi yake, Bi Mize, anayechimba dawa za mkojo. Kila shimo la barabara lilinichoma ubavuni. Kufika Kinyasini nilikuwa natetemeka, nikajiambia ni baridi ya asubuhi. Baridi gani inayomtoa mtu jasho, hilo sikujiuliza.

Matemwe tulimkuta Bi Mize analima muhogo nyuma ya nyumba, kanga kaifunga kiunoni, hana hata muda wa kunikaribisha kiti.

"Shikamoo, Bi Mize."

"Marahaba, mwanangu. Spitali ushakwenda?"

"Nshakwenda. Wamesema kijiwe kidogo tu."

"Homa unayo?"

"Sina," nikasema, huku nikijifuta jasho kwa mkono wa kanzu.

Alichimba mzizi wa mpapai dume upande wa mashariki, akazunguka akachimba mwengine upande wa magharibi, akaifunga pamoja na ndevu za mahindi. "Chemsha, unywe na maji mengi. Homa ikikujia, hii itupe, kimbilia spitali. Na njiani usimsalimie mtu mpaka uifikishe jikoni kwako. Ndiyo miiko yetu."

Ya homa yaliingia sikio hili yakatokea lile. Mwiko nikaushika kwa mikono miwili. Tena nikaona nisiishie kwenye salamu; nisiseme neno lolote, dawa izidi nguvu. Ndivyo nilivyo: jambo jepesi nalifanya mara mbili, la maana nalikwepa.

Mahonda tulisimama kutia mafuta. Nani kasimama pale? Maalim wangu wa chuo cha Kurani, aliyenifundisha alifu kwa bakora. "Assalaam alaykum, Mbaruku!" Na salamu hiyo kuirudisha ni wajibu! Nikamtikisia kichwa kama mjusi. Akamgeukia Makame: "Kalewa huyu?" Nilitamani ardhi inimeze.

Baada ya hapo meno yalianza kugongana. "Yakhe, nikupitishe spitali?" Makame aliniuliza. Nikamwonesha mfuko wa mizizi. "Haya, shauri yako."

Saa saba mchana nilipanda ngazi za nyumbani nikijishika ukutani. Zuhura alifungua mlango. "Mbona una rangi hiyo?" Nikamwonesha jikoni kwa kidole. "Nisemeshe, mume wangu!" Nikazidi kufumba mdomo. Miguu ikanikatika, nikaanguka chini.

"Kiharusi! Jamani njooni, mume wangu kapata kiharusi!"

Majirani wanne walinishusha ngazi ndani ya pazia la maua, mfuko wa mizizi nimeukumbatia.

Spitali, daktari alinibonyeza ubavu wa kushoto, nikapiga ukelele uliowatoa watu ukumbini. Hapo kiharusi kikapona. Jiwe lilikuwa limeziba njia ya mkojo, figo limevimba na ndani mna usaha. "Angelala nyumbani leo," daktari alimwambia Zuhura, "figo hili lingekufa, na pengine na yeye." Walinitia mpira wa kupitishia mkojo siku ile ile, jiwe wakalitoa baadaye. Katika sindano zote nilizimia kwa moja tu, nami najisifu kwa hilo.

Makame alipompigia simu shangazi yake, Bi Mize alikasirika. "Nimemwambia asisalimie watu. Nani kamwambia asiseme anaumwa? Na homa nilimuuliza!" Mama wa watu hakuwa na kosa.

Zuhura nilimweleza yote pale kitandani, karatasi na mwiko. Nilidhani atacheka. Alilia.

"Leo umeninyamazia nusu saa nikadhani unakufa," alisema. "Kumbe wiki tatu umeninyamazia, nami nalala ubavuni kwako."

Niliona haya kuliko pale Mahonda. Nilikuwa nimeogopa sindano, nikamwacha yeye nusura awe mjane bila ya kujua kwa nini. Tangu hapo kila kinachoniuma namwambia: goti, jino, hata kucha.

"Hayo ya kucha ungeweza kunificha," aliniambia juzi. Lakini alikuwa ameshainuka kwenda kuleta mkasi.