Ubeti wa Mwisho

Lori la tumbaku likipita hapa Tabora mjini, harufu yake hunifanya niinamishe kichwa.

Tulikuwa bandani kwetu, mama na majirani wakichambua majani makavu, redio ikipiga wimbo wa mke aliyerudishwa kwao. Shangazi, aliyerudi na godoro lake mwezi ule, aliuimba kwa sauti kuliko wote.

Jirani mmoja akaniuliza, "Wewe msomi, huu wimbo unasemaje?"

"Unawasema walioachika," nikajibu, "kama shangazi."

Walicheka, hata mama. Nikajiona mjanja. Shangazi akafuta mikono kwenye khanga, akazima redio.

"Mtoto ana akili," akasema, akarudi kwenye majani yake.

Niliusikiliza wimbo ule mpaka mwisho nikiwa mtu mzima. Ubeti wa mwisho wote unamsuta mume. Ndio aliokuwa akiusubiri shangazi.